Moshi Wangu, Ozoni ya Symphorien

Jumatatu, tarehe 4 Agosti
Hatari! Madame Olga, mtafiti aliyeniweka kulinda mashine ya kupima gesi ya ozoni hapa Bihambwe, amepita asubuhi. Amesema mashine ni mbili, yangu na ile ya kijiji cha Mpofi, ila mwaka ujao itabaki moja: palipo na ozoni nyingi. Mlinzi wa Mpofi ni Symphorien. Shemeji yangu! Anachana nywele kabla ya kusoma namba. Nikishindwa narudi kubeba mizigo migodini Rubaya, na mgongo wangu hautaki kusikia. Nimeuliza ozoni inatoka wapi. Akajibu moshi ukipigwa na jua, ndipo inazaliwa. Basi!

Jumatano, tarehe 6 Agosti
Nimezunguka kilima chote nikihimiza watu wachome mashamba mapema, eti mvua inakuja. Mama Généreuse akauliza mvua gani hiyo. Lakini amechoma. Wote wamechoma! Mimi nimewasha majani chini ya mashine yenyewe. Jean-Luc jirani, kwa ombi langu, ameegesha pikipiki yake pembeni, injini inanguruma. Nimekohoa mpaka machozi. Mke wangu, Joséphine-Marie, ameuliza kama nimerogwa. Nimemjibu hii ni sayansi.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti
Namba imeshuka! Ilikuwa thelathini na nane, sasa kumi na moja. Nimeongeza moshi. Sita!

Jumamosi, tarehe 9 Agosti
Madame Olga amekuja mbio. Ameona majivu, ameona macho yangu mekundu. Amenieleza polepole sana: moshi mbichi unakula ozoni palepale. Ozoni inazaliwa mbele, moshi ukisafiri juani. Nikauliza upepo unaelekea wapi. Mpofi! Namba za Symphorien hazijawahi kupanda hivi. Nimempikia shemeji ozoni kwa mikono yangu! Jioni amepiga simu kunisalimia. Hajawahi kunisalimia.

Jumatatu, tarehe 11 Agosti
Madame hakungoja mwaka ujao: mashine yangu imepakiwa. Nimelia, sioni haya. Joséphine-Marie akaniombea msamaha kwa Madame. Madame akaguswa, akaniachia kipimo cha mvua, mwezi mmoja wa majaribio. Nimeapa sitachoma kitu.

Jumanne, tarehe 12 Agosti
Kipimo kikavu! Mbinguni hakuna hata wingu moja. Nani atamweka mtu kulinda kipimo kitupu? Nimemimina humo jerikani ya maji, kikajaa mpaka kikamwagika. Haraka nimempigia Madame Olga, aliyelala hapa hapa Bihambwe, parokiani. Nimemwambia mvua imetupiga usiku kucha. Ameniuliza mara mbili: usiku huu, hapa hapa Bihambwe? Bila shaka alikuwa anaandika.