Uzinduzi wa Bomba la Rugu Linaloendeshwa kwa Pendulamu

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji cha Rugu, waheshimiwa madiwani mliofika na mliotuma udhuru, Baba Mchungaji, Padri, wazee wa kahawa, kina mama wa migombani, na mimi mwenyewe, Mratibu Mkuu wa Ubunifu Shirikishi. Wanaostahili shikamoo, shikamooni. (Marahaba.) Itifaki imezingatiwa.

Kiangazi hiki Mama Costansia, mnayemwona pale mbele, aliteleza akipandisha maji kutoka bondeni, akavunjika mkono. Mimi sikulala. Niliunda kamati, na kamati, baada ya vikao kumi na vinne vyenye ufanisi wa asilimia mia moja na tatu, ikanipeleka kwa Mwalimu Adventina wa fizikia, ambaye kwenye kompyuta yake ana pendulamu, yaani picha ya jiwe linaloning'inia kwenye kamba na kubembea, na kwa waya ameiunganisha na mota ndogo ya servo inayogeuka kwa kuifuata picha. Nikaisukuma picha kwa kidole, mota ikageuka kulia. (Makofi.) Picha ikarudi, mota ikageuka kushoto. (Vigelegele.) Ndugu zangu, machozi yalinilengalenga kimkakati.

Mwalimu alinieleza taratibu kwamba kile ni kifaa cha kufundishia kidato cha tatu, hakina nguvu ya kufungua hata kizibo cha soda. Nikampongeza kwa unyenyekevu, nikaagiza kifungue bomba la kijiji kizima. Alipoomba arudishiwe kompyuta na mota yake, nilimfahamisha kuwa vimeshaingia kwenye mchakato wa pailoti, yaani majaribio. (Minong'ono.)

Naona Mama Costansia ameinua ule mkono mzima. Sema, mama.

"Mheshimiwa, nimekuja na ndoo. Niikinge wapi?"

Swali zuri sana. Ikinge hapa mbele ya skrini ya kompyuta, mama. Maji hayajatoka, lakini pendulamu inakwenda kulia na kushoto bila kuchoka, jambo ambalo kitaalamu tunaliita huduma kwa pande zote mbili. (Mama Costansia anachukua ndoo yake na kuondoka. Watu wanaanza kumfuata.) Naam, wananchi wameshahamasika!

Rugu ya kidijitali, oyee! (Oyee moja.) Tubembee kwa maendeleo!

Nawashukuru nyote, na kwa namna ya pekee namshukuru kijana Placidius aliyenichorea bomba hili zuri kwenye bango, kwa kuwa pasipo yeye lisingekuwepo mahali popote. Na mliobaki, nisaidieni kulikunja bila kuliharibu, maana saa tisa nalizindua kijiji cha Chonyonyo.