Fyuzi Mfukoni

Jumatatu, 2 Februari

Inafanya kazi! Naandika kwa herufi ndogo ili furaha isionekane. Leo saa saba na dakika kumi mchana, wenzangu wote wakiwa wamekwenda kula sato kwa mama ntilie, mstari wa kijani ulitokea katikati ya kioo. Ulitetemeka kidogo. Mimi pia.

Maelezo kwa ajili ya kumbukumbu. Kifaa ni oskiloskopu, mashine ya kuchora umeme: unaipa waya, nayo inakuonyesha kwenye kioo kidogo cha duara jinsi umeme unavyopanda na kushuka. Ni ya valvu, kama redio za zamani. Umri wake ni zaidi ya mara mbili ya wangu. Iliachwa na wataalamu wa kwanza wa kituo chetu cha vipimo vya ziwa, na tangu hapo hakuna aliyejua ni nini. Kwenye daftari la mali imeandikwa: "Na. 31. TV ndogo, haishiki stesheni."

Niliikuta stoo chini ya nyavu. Ndani yake nilitoa vijidudu vya ziwani vilivyokauka, vikombe viwili. Nikabadilisha kapasita nne, vile vihifadhi umeme vya ndani. Nikasafisha swichi zote kwa spiriti. Majuma matatu bila chakula cha mchana.

Hakuna anayejua. Wala asijue! Nimebakiza mwezi mmoja nithibitishwe kazini, na karani aliye kwenye majaribio haruhusiwi kufungua kitu chochote isipokuwa faili.

Jumanne, 3 Februari

Balaa. Bi. Odeta, mkuu wetu wa ugavi, ametangaza kwamba kamati ya vifaa chakavu itakaa Jumanne ijayo. Vifaa vibovu vitauzwa kwa wafanyakazi kwa zabuni ya bahasha, mwenye bei kubwa ndiye anayechukua. Vizima vitapelekwa makao makuu.

Nilimuuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kwa niaba ya mwingine, kifaa kilichokuwa kibovu kikapona chenyewe kinahesabiwaje. Akaniangalia juu ya miwani. Akasema katika miaka ishirini na sita ya ugavi hajawahi kuona kifaa kilichopona chenyewe. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Kwa hiyo hali ndiyo hii: nimeitibu mpaka nimeipoteza. Ingebaki mbovu, ingekuwa yangu.

Jumatano, 4 Februari

Nimepata ufumbuzi. Fyuzi!

Nimeitoa. Ni kitu kidogo cha kioo, hakizidi punje mbili za mahindi. Bila hicho mashine haiwaki, na mtu yeyote ataapa kwamba imekufa. Sijaiharibu. Nimeipumzisha. Nimeifunga fyuzi kwenye risiti niliyokuwa nayo nikaiweka mfuko wa shati, upande wa moyo. Nitakaponunua mashine nitairudisha. Mpango safi kabisa.

Saa tisa akaja Ngosha, mtunza stoo. Akaigonga mashine ubavuni kama anachagua tikitimaji. Akasema hii TV ataiwekea bahasha, kwa sababu ndani kuna transfoma nzito anayoitaka kwa amplifaya yake ya kukodisha kwenye harusi. Yaliyobaki atawapa wanunua vyuma. Akachungulia kwenye matundu ya nyuma akaona valvu.

"Dogo, hivi vichupa si vinafaa kuwekea pilipili?"

Nilikunywa maji glasi mbili. Ya pili iliishia kwenye tai.

Ngosha ana amplifaya, pikipiki na shamba la mpunga. Mimi nina chumba kimoja Igogo na mita nane za kupimia umeme, zote za zamani. Kwenye bahasha simuwezi. Inabidi atishwe.

Alhamisi, 5 Februari

Nimemtisha. Nilimwambia mashine ile ina umeme unaoweza kulala ndani hata baada ya kuchomolewa, na kwamba ukiigusa vibaya unaweza kukurusha mpaka kwenye nyavu. Ni kweli, vitabu vyote vinasema. Sikumwambia kwamba ukisubiri kidogo umeme huo hupungua wenyewe, wala kwamba mashine haijawashwa tangu Jumatatu.

Ngosha alicheka mpaka akashika shelfu. Akasema aliyenipa jina alikosea. Babu aliniita Shimba, yaani simba kwa Kisukuma chetu, siku nilipozaliwa, kabla ya kunifahamu. "Jina la simba, roho ya kifaranga," akasema Ngosha, na wasichana wa maabara wakasikia.

Maneno matupu hayatoshi. Nimeandika tangazo: HATARI. UMEME ULIOLALA. USIGUSE. Nimelichapa kwa herufi nyekundu na kulibandika kwenye mashine. Nikaliwekea na kumbukumbu namba, maana karatasi isiyo na kumbukumbu namba inaniumiza macho.

Ijumaa, 6 Februari

Laiti nisingeweka kumbukumbu namba!

Ngosha aliliona tangazo, akaona namba, akaamini limetoka makao makuu. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu aliogopa. Mpaka hapo, ushindi. Lakini badala ya kuogopa kimyakimya kama watu wenye adabu, akaenda kumwambia Bi. Odeta. Bi. Odeta akalisoma mara mbili. Akasema hatimaye kuna mtu huko juu anayejali usalama. Akasema kamati haitagusa kifaa hicho bila mtaalamu. Akamwita mtaalamu.

Mtaalamu ni Mzee Liaqat, mwenye duka la redio mjini.

Nilikaa chini. Kiti kilikuwa kimehamishwa.

Mzee Liaqat ndiye aliyeniuzia zile kapasita nne! Nilimwambia ni za redio ya shangazi yangu wa Kisesa. Akaniuliza shangazi anasikiliza stesheni gani inayohitaji volti mia nne. Nikasema ya dini.

Jumamosi, 7 Februari

Nimekwenda dukani kumwomba anifichie siri. Nilifanya mazoezi njia nzima. Shikamoo mzee, nina jambo. Ni fupi. Ni la heshima.

Nilipofika nikakuta kaunta imeshikwa na dada yake, Bibi Bachubai, ambaye ana miaka themanini na husikia vizuri yale tu usiyotaka ayasikie. Nikamsalimia. Akaitika marahaba, akamgeukia kaka yake akasema, kana kwamba sipo:

"Liaqat, yule mtoto amerudi. Ananunua kama mtu anayemtibu mgonjwa kwa siri."

Mzee Liaqat alikuwa amevaa miwani moja usoni na nyingine kwenye paji. Akauliza shangazi anaendeleaje. Nikasema hajambo. Akauliza stesheni ya dini inashika. Nikasema kidogo. Akasubiri. Huo ndio ulikuwa wakati wangu!

Nikanunua vitufe vitatu vya redio na mita moja iliyokufa, nikaondoka.

Sasa nina mita tisa. Mwenye nyumba anadhani nafungua duka la saa.

Jumapili, 8 Februari

Nimejaribu kumwandikia Mzee Liaqat barua badala yake. Rasimu nne. Zote zilianza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Nimezichana.

Jumatatu, 9 Februari

Mpango mpya: kuumwa kesho. Nilianza kukohoa saa tatu asubuhi ili watu wazoee. Saa nne Bi. Odeta akaniletea tangawizi kwenye chupa ya chai na kuniambia nisiwe na wasiwasi, kazi yangu kesho ni kukaa tu na kuandika. Mimi ndiye katibu wa kamati.

Nimeuliza kama katibu anaweza kuandika muhtasari akiwa nyumbani. Akasema hapana, lakini amependa bidii yangu. Akasema fomu yangu ya kuthibitishwa iko mezani kwake, imebaki sahihi.

Fyuzi bado iko mfukoni. Naigusa kila baada ya dakika mbili.

Jumanne, 10 Februari

Naandika kutoka kwenye muhtasari rasmi, kwa sababu mwenyewe sikumbuki vizuri. Masikio yalikuwa yanavuma.

Waliohudhuria: Bi. Odeta, mwenyekiti. Ngosha, mjumbe, aliyesimama mlangoni kwa sababu ya tangazo. Mzee Liaqat, mtaalamu mwalikwa. Mimi, katibu.

Kipengele Na. 31. Mtaalamu alisoma tangazo, akatabasamu, akalibandua. Akasema hii si TV. Akasema mara ya mwisho kuona moja ya namna hii alikuwa kijana mwenye nywele. Akachomeka waya. Kimya. Ngosha akasema si nilisema imekufa, na akasogea hatua mbili ndani. Mtaalamu akazungusha kifuniko cha fyuzi. Tupu.

Mtaalamu alisema: "Fyuzi huungua. Haihami."

Mjumbe Ngosha alisema labda panya. Mtaalamu alisema basi panya wa kituo hiki wamelelewa vizuri, maana walifunga kifuniko baada ya kutoka.

Akachukua fyuzi nyingine kwenye mkoba wake. Akawasha. Tukasubiri valvu zipate moto. Nilimwomba Mungu isiwake, na hapohapo niliomba iwake. Ikawaka! Mstari ule, mwembamba, umenyooka, haujatetemeka hata kidogo. Akashika ncha ya waya wa kupimia kwa kidole na mstari ukawa mawimbi, mwili wake ukinasa umeme wa ukutani kutoka hewani kama mnong'ono. Bi. Odeta alisema Yesu wangu, kama hospitali. Hata Ngosha alivua kofia.

Mwenyekiti aliuliza nani ameitengeneza. Mtaalamu akachomoa waya, akasubiri kama inavyotakiwa, akafungua kifuniko, akachungulia kwa muda mrefu. Alisema amefanya mtu mwangalifu sana. Alisema vumbi limetolewa hata nyuma ya valvu. Alisema kapasita ni mpya. Hakusema zimetoka wapi! Hakuniangalia. Niliandika haraka, "mtengenezaji hakufahamika", nikaweka nukta. Nilikuwa nimeokoka.

Kisha akaongeza, kama mtu anayejisemea, kwamba kapasita tatu zimechomelewa vizuri, ila ya nne ni kama imechomelewa na mtu anayekimbizwa.

Katibu alisema: "Ni kwa sababu nilisikia viatu vya Bi. Odeta kwenye korido!"

Mkono wa katibu ulikwenda wenyewe kwenye mfuko wa shati.

Mwenyekiti alinyoosha mkono. Katibu alimkabidhi fyuzi. Mwenyekiti alifungua risiti iliyokuwa imeifunga, akaisoma kwa sauti: duka la Mzee Liaqat, kapasita nne, tarehe, na jina la mteja kwa herufi kubwa. Mimi huomba risiti yenye jina kila ninaponunua kitu. Ni tabia nzuri.

Mtaalamu alisema anampa shangazi pole.

Kikao kilifungwa saa tano na nusu.

Alhamisi, 12 Februari

Nimepewa barua ya onyo. Nimeichapa mwenyewe, kwa kuwa mimi ndiye karani. Bi. Odeta alimaliza kuisoma akasema pambizo ni nzuri. Kisha akatoa fomu yangu ya kuthibitishwa, akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye droo na kuifunga kwa ufunguo. Majaribio yameongezwa miezi sita. Alisema angenifukuza, lakini mwizi haibi fyuzi akaacha mashine, kwa hiyo bado hajajua mimi ni nini.

Sikulia. Nilikwenda tu kusimama nje nikitazama korongo waliokuwa juu ya paa la kiwanda cha samaki, mpaka mmoja akanitazama na yeye.

Mashine imeondoka leo. Mzee Liaqat alikuja kuifunga kwenye sanduku kwa ajili ya makao makuu, ikae kwenye chumba cha maonyesho. Ngosha aliibeba mwenyewe mpaka kwenye gari, polepole, kama anabeba mtoto wa mtu mwingine. Akaniambia nimemkosesha transfoma, dogo, lakini ule mstari bwana. Ule mstari! Akatikisa kichwa.

Mzee Liaqat alinipa mkono. Akasema niende dukani Jumamosi anionyeshe jinsi ya kuchomelea bila kukimbia. Akasema nimlete na shangazi.

Bi. Odeta aliniapisha, mkono juu ya daftari la mali: kuanzia leo sigusi kifaa cha kituo kwa bisibisi, wala kwa kitu kinachofanana na bisibisi. Niliapa. Nilimaanisha. Usiku huu nimefungia bisibisi zangu zote ndani ya sanduku na funguo nimempa mwenye nyumba.

Ijumaa, 13 Februari

Mtu mpya kabisa. Nimewahi kazini, nimepanga kalamu, nimekula mchana na wenzangu. Sato alikuwa mtamu. Majuma yote yale nilikuwa nakosa nini!

Saa nane Bi. Odeta alinipa nafasi ya kujisafisha: kuhakiki orodha ya vifaa chakavu vilivyobaki stoo ya nyuma. Kuandika tu. Kusoma namba na kuweka alama ya vema. Nilifanya hivyo kwa utulivu mkubwa kuanzia Na. 32 mpaka Na. 46.

Na. 47. "Redio, haina spika, mbovu."

Nilipangusa vumbi ili nisome namba. Si redio. Ni jenereta ya mawimbi, ile inayotengeneza umeme wa kujaribia vifaa vingine, yenye uso wa shaba na kishale kinachozunguka taratibu kama cha saa ya kanisani. Ya valvu. Tano! Ina mkono wa kubebea wa ngozi. Ngosha amepita akasema lile sanduku lake lingefaa kutotolea vifaranga.

Sitaitengeneza. Niliapa. Nitafungua kifuniko tu, nihakikishe maelezo ya daftari ni sahihi, na kuhakikisha maelezo ndiyo kazi yenyewe ya karani. Nitatumia sarafu, ambayo haifanani na bisibisi. Mzee Liaqat nitamwambia ni ya mjomba.

Fyuzi nimeshaitoa, kwa usalama. Na onyo nililopewa limenifundisha, siwezi kurudia kosa lilelile: safari hii iko kwenye soksi, na bila risiti.