Paundi Thelathini za Mahari ya Kidawa

Jumatatu, 13 Novemba 1967

Posa imekubaliwa! Ijumaa ya tarehe 24, baada ya sala ya Alasiri, Kidawa atakuwa mke wangu. Shangazi yake, Bi Mwanamkasi, alitaka mahari ya shilingi mia sita. Nikamwambia shilingi hutolewa na kila mtu; mimi Muhiddin, fundi redio wa Mkunazini, nitatoa paundi thelathini. Hesabu ni ile ile, paundi moja shilingi ishirini, tangu nizaliwe. Lakini paundi! Nadhani Bi Mwanamkasi aliufikiria uso wa jirani yake atakapoambiwa. Akakubali.

Paundi nimezipata kwa Shaame, kimyakimya. Shaame ni baharia wa meli za nje. Alimposa Kidawa kabla yangu, akakataliwa kwa kuwa hakai nyumbani. Akiba yangu yote imeingia mfukoni mwake, noti zake zimeingia katika kopo langu la biskuti. Namuoa Kidawa kwa noti za Shaame. Raha iliyoje!

Jumatano, 15 Novemba

Nimetengeneza redio tatu, na zote tatu zilipopona zilitaja paundi. Kitu kinachotajwa redioni kutwa lazima kipande bei. Karafuu ndivyo zilivyo. Nikawaza mpaka chuma cha kulehemu kikaniunguza kidole. Paundi ikifika shilingi ishirini na tano, mimi nimeahidi kutoa zote thelathini! Nimejikaanga mwenyewe. Mahari lazima irudi kwenye shilingi. Hapo nitauza paundi ishirini na nne tu, nilipe mia sita, na sita zibaki zangu. Suti. Viatu vya ngozi.

Alhamisi, 16 Novemba

Nimefaulu! Nimemweleza Bi Mwanamkasi kwamba paundi ni pesa ya mkoloni, na haifai baada ya Mapinduzi kumpima bibi harusi kwa kichwa cha malkia. Akanikumbusha ni nani aliyeileta hiyo paundi barazani kwake. Nikainamisha kichwa kwa adabu.

Amekubali kwa sharti. Shilingi mia sita taslimu, na hakuna kubadilisha tena. Ikipungua hata senti, harusi itangoja mpaka Mfungo wa Ramadhani upite. Akaongeza kuwa Shaame safari hii hasafiri upesi. Sikupenda alivyolitaja hilo jina.

Jumapili, 19 Novemba

London wameishusha paundi. Wameishusha kwa makusudi! Watu wazima wamekaa kitako wakaipunguza pesa yao wenyewe! Sijala.

Tumaini ni moja. Shilingi yetu huifuata paundi kila inapokwenda. Nayo ikianguka, ishirini itabaki ishirini na mimi nimepona. Nimeswali Adhuhuri, kisha nikamuomba Mungu aiangushe shilingi ya nchi yangu. Nikageuka kutazama kama kuna aliyenisikia.

Jumatatu, 20 Novemba

Haikuanguka. Paundi sasa ni shilingi kumi na saba na senti kumi na nne. Mteja mmoja alishangilia dukani kwamba nchi yetu imesimama imara. Nikashangilia naye. Machozi nikayasingizia moshi wa risasi ya kulehemu.

Na ningeliyaacha makubaliano ya kwanza yalivyokuwa, ningelitoa paundi zangu thelathini nikaoa! Nimetoka mwenyewe mahali pazuri, kwa miguu yangu, tena kwa kubembeleza.

Jumanne, 21 Novemba

Benki wataniuliza nimezipata wapi. Nikaenda kwa Shaame. Akazihesabu noti zake mwenyewe, akazigeuza huku na huku kana kwamba hajapata kuziona. Ametoa shilingi kumi na sita kwa kila moja. Mia nne na themanini. Pungufu mia na ishirini. Akauliza harusi ni saa ngapi, ataleta zawadi.

Jumatano, 22 Novemba

Nimekiri. Bi Mwanamkasi hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema harusi imeahirishwa, akaanza kukunja kanga za sare. Nikaing'ang'ania moja isikunjwe. Si kwa ajili ya suti. Nampenda Kidawa, na sijapata kuliandika hilo humu kwa sababu halina faida ndani yake.

Ndipo Kidawa akasema nyuma ya pazia: “Mahari ni haki yangu mie, shangazi, si yako. Nshakubali. Anipe alizonazo, zilizobaki zitakuwa deni.” Shangazi akasema nina bahati kuliko akili. Nikamwambia ahsante.

Ijumaa, 24 Novemba

Nimeoa! Shaame kaleta saa ya ukutani. Nimeiona dukani Darajani. Bei yake shilingi mia na ishirini. Inagonga nyumba nzima.

Jumamosi, 25 Novemba

Nimeamka na wazo. Nadaiwa na mke wangu shilingi mia na ishirini. Lakini shilingi hii haiaminiki tena, imeishinda paundi! Kesho itapanda mpaka wapi? Deni linataka kitu kilichotulia.

Nikatoka mbio kwa Mmanga, sonara wa Kiponda. Tola moja ya dhahabu, kipimo chao masonara, ni mia na ishirini, na anasema huko ng'ambo bei ya dhahabu haijasogea tangu alipokuwa anajifunza kazi. Miaka zaidi ya thelathini! Nikarudi, nikamwambia Kidawa tuifute ile mia na ishirini, nidaiwe tola moja, nilipe nitakapopata nafasi, hata baada ya miaka kumi.

Akauliza, na dhahabu ikipanda? Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Dhahabu!

Amekubali kabla sijamaliza kukohoa. Akamwita shangazi yake aje kuwa shahidi, na Bi Mwanamkasi, asiyekimbilia jambo, alikuja amevaa kiatu kimoja. Hawakutaka hata kunisikiliza mara ya pili. Nawahurumia kidogo. Mke wangu ni mzuri, ana moyo, lakini biashara hajui.