Mgagani Kwenye Itogolo

Jumatatu, 3 Machi

Habari njema! Mzee Masunga, mwenye ng'ombe wengi kuliko sisi wote hapa Dutwa, anatafuta shamba la kubadilishana. Anatoa kipande chake cha mbuga. Udongo mweusi ule! Mvua zikiisha, wenyewe bado umebana unyevu. Unatupa dengu, unakwenda zako, unarudi na gunia. Mimi nina nini? Itogolo. Ardhi ya kijivu, ngumu, jembe linadunda. Ikinyesha, maji yanakaa juu mpaka bata wanakuja. Pamba ilikufa, mahindi yalikufa, choroko hata hazikujisumbua kuota. Kabula mke wangu amesema wazi: Baba Shija, msimu huu nao ukiniletea miiba, mimi nakwenda kulima kwa kaka yangu Malampaka. Hatanii. Yesu, nipe mbuga ile!

Jumatano, 5 Machi. Majivu

Padri kanipaka majivu, kaniambia mimi ni mavumbi na mavumbini nitarudi. Nikasema moyoni amina, ila yasiwe ya itogolo. Papo hapo wazo likashuka! Wazee wetu hawapimi udongo kwa mashine. Wanaangalia kilichoota. Penye mboga za mgagani na mnavu, wanajua pana rutuba. Penye miiba mitupu, wanapita. Basi mgagani utaota! Kwaresima imeanza vizuri.

Alhamisi, 6 Machi

Kabula alipokwenda gulioni, nikafanya kazi kama punda. Zizi la zamani nyuma ya nyumba lilijaa mgagani. Nikang'oa wote na mizizi yake, nikajaza toroli. Shambani nikapiga mashimo kwa mtaimbo, nikatia samadi, nikapanda, nikamwagilia. Mgongo hauinuki. Lakini pametokea Edeni! Selestini, jirani yangu na mwenzangu wa besi kwayani, naye anaitaka mbuga. Akapita na baiskeli, akauliza kama nafungua hoteli ya mbuzi. Acheke tu. Itogolo lake limetoa magadi mpaka ng'ombe wanalamba, na hata kufyeka hajafyeka! Maskini. Nimemwombea.

Jioni ugali mtupu. Kabula akauliza mboga zake zimekwenda wapi. Nikamkumbusha kwamba Kwaresima ni kipindi cha kujinyima. Si uongo.

Ijumaa, 7 Machi

Masunga kaja! Mwangaluka, mwangaluka, habari za ng'ombe, habari za watoto. Akainama, akanusa jani la mgagani. Akachomeka fimbo. Ikazama karibu yote! (Lilikuwa shimo langu. Malaika wananipenda.) Akasugua udongo kiganjani, akatikisa kichwa. Nikaona kachanganyikiwa kwa furaha, nikaongeza moto: mzee, hapa kila kitu kinaota, maji yananyweka yote, hayatuami hata tone!

Akanitazama kwa huruma. Akasema, ng'wanawane, udongo huu ni mzuri mno, mwanangu, nitakuwa nakuonea. Yeye anatafuta pa kuchimba lambo la kunyweshea ng'ombe, ardhi ngumu isiyopitisha maji. Watu walimwambia shamba langu ndilo kiboko, kumbe wamemdanganya. Akaniomba radhi kwa usumbufu! Nikaapa kwamba mgagani nimeupanda mwenyewe jana. Akacheka mpaka akakohoa. Acha utani, Mahona, akasema, nani mtu mzima apande mgagani? Kisha akavuka mpaka, akaingia kwa Selestini.

Jumamosi, 8 Machi

Selestini kapewa mbuga. Anaimba aleluya barabarani, Kwaresima hii! Dhambi yake. Kabula kaondoka asubuhi kwenda Malampaka. Kusalimia tu, kasema. Kabeba jembe. Mtu wa kusalimia hubeba kuku. Mgagani umenyauka wote. Nimekaa shambani nikatafakari sana, nikafunga hata kula, na kosa langu nimeliona. Nilipanda majani yasiyofaa!

Jumapili, 9 Machi

Mungu hamtupi mja wake! Baada ya misa, Generoza, katibu wa kikundi cha kina mama, kaniita pembeni. Wana kipande cha mbuga mbali kule mtoni, wanataka kubadilishana na shamba lililo karibu. Kesho wanakuja kuliona langu! Alikuwa na beseni la miche ya kabichi kichwani, akaanza kunieleza wanataka kufanya nini. Nikamkatiza. Nikamwambia dada, usihangaike, naelewa yote.

Mungu anisamehe kufanya kazi siku yake. Nimeng'oa kila jani. Nimeshindilia ardhi kwa mchi wa kinu mpaka inalia kama ngoma. Juu nimemwaga chumvi yote ya nyumbani, na ya dukani kwa Mustapha nikaongeza. Sasa ni peupe, pakavu, hapaoti hata wazo! Masunga angeona angelia.

Nimeshapiga magoti na kumshukuru Mungu mapema. Kesho kina mama wakishaona, nafasi ya kusali sitaipata.