Kompyuta Yenye Haraka

Jumatatu, 3 Oktoba 1988

Aibu! Kompyuta ya ushirika wetu wa mifugo, ambayo mimi Isacko peke yangu ndiye ninayeijua Isiolo nzima, leo imeshindwa na taipureta. Kagendo, sekretari wetu, amemaliza orodha ya mnada, amekunywa chai, amerudia kusuka kiondo chake. Mashine yangu bado ilikuwa inafikiri. Bwana Kaberia, meneja, amesema mnada ni Alhamisi. Kompyuta ikichelewa tena, inahamishiwa ofisi ya Merti, na mimi nyuma yake. Merti! Siku nzima juu ya lori, vumbi hadi kwenye meno! Na chumba changu cha mtaani Wabera, hapa mjini, nimekipaka rangi juzi tu. Siendi ng'o.

Jumanne, 4 Oktoba

Nimeifungua mashine. Ndani kuna kidude cha bati kiitwacho kristali. Ndicho kinachoupigia ubongo wa kompyuta mdundo wa kufanyia kazi. Mdundo ukienda mbio, ubongo nao mbio. Rahisi!

Nimekwenda kwa Dullo, fundi wa redio. Kutoka redio-koli mbovu, zile za kuongelea masafa ya mbali, amenitolea kristali mbili: moja ya kasi, nyingine ya kasi kupita kiasi. Ameniambia hii ya pili ni ya kutazama tu. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, mimi si mtoto.

Nimechomoa ya zamani, nimepachika ya kwanza. Ikakimbia! Halafu ikaganda, kimya. Nikaugusa ubongo kwa kidole. Woi! Kidole kimevimba.

Jumatano, 5 Oktoba

Adui ni joto. Asubuhi nimemweleza Bwana Kaberia kwamba upepo wa feni huwaharibia kifua watu waliozaliwa Meru kama yeye. Ameshtuka, feni amenipa. Nakuam, dereva wa lori letu, ameniazima ule mfuko wa turubai anaouning'iniza mbele ya lori ili maji yapoe. Nimeuning'iniza mbele ya feni. Hewa baridi kabisa, moja kwa moja ndani ya mashine!

Haikuganda hata mara moja. Orodha imetoka safi, Kagendo na taipureta yake bado anachapa mbuzi. Nimeisoma yote. Wakwe wametenganishwa kama heshima inavyotaka: Mzee Chachu boma la kwanza, mama mkwe wake Maryan boma la mwisho. Nimeshinda! Kwaheri Merti. Bwana Kaberia, amebaki na fulana tu, jasho tiriri, amenishika mkono.

Ingeishia hapo. Lakini Kagendo akasema, bila hata kuinua macho, kwamba posho mill ya jirani yetu Kiugu, ya kusagia mahindi, inakimbia kuliko hicho kisanduku. Ati posho mill! Nimepachika kristali ya pili. Kesho nitatoa orodha upya mbele ya macho yake.

Alhamisi, 6 Oktoba

Imetoka kabla Kagendo hajavua sweta! Mkono mmoja umebaki ndani. Ya jana nimeichana, hii mpya nimeipeleka mnadani mwenyewe. Sikuisoma. Kasi kama ile, ya kusoma ni nini?

Kumbe kwa mbio zile mashine imechanganya watu. Ngamia wa Mzee Chachu na mbuzi wa Maryan: boma moja, mlango mmoja! Na mtu hamkaribii mama mkwe wake hivi hivi. Mzee Chachu akajificha nyuma ya lori. Maryan akajifunika mtandio, akageukia ukuta. Kila mmoja akamngoja mwenzake aondoke kwanza, kwa heshima. Hakuna aliyeondoka. Boma la kwanza likakwama, na nyuma yake mnada wote. Dalali akakaukwa na koo. Mchana wanunuzi wakapanda magari yao, wakaenda zao.

Mzee Chachu hakunitukana. Aliniuliza polepole alinikosea nini. Heri angenipiga fimbo. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Bwana Kaberia amesema neno moja tu: Merti. Kisha amechukua feni yake.

Jumamosi, 8 Oktoba, Merti

Vumbi hadi kwenye meno. Kompyuta nimeipakata njia nzima. Nimefika, nimetafuta mahali pa kuichomeka. Merti hakuna stima! Bwana Kaberia alijua, yule mtu.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Kisimani kuna jenereta inayovuta maji ya mji mzima, watu na ng'ombe. Anayeitunza ni mama mmoja mkali, Falis. Amenikubalia nivute waya mmoja, mradi nisiguse kitu kingine chochote. Nimeapa. Kompyuta imewaka, nimeirudishia kristali yake ya zamani, inafanya kazi vizuri sana. Nimejifunza. Mambo ya haraka nimeacha!

Ila hii jenereta, jamani. Inakwenda polepole mno, kama mzee anayesinzia. Ubavuni ina skrubu ndogo ya kuongeza mafuta. Ndogo tu. Kesho Falis anakwenda harusini, na bisibisi ninayo.