Mashine ya Mtu Mmoja

Mwenye gari bovu hukubali dawa yoyote. Injinia alilijua hilo vizuri, ndiyo maana alipochungulia geti lililoachwa wazi na kuona gari kuukuu la bluu limekalia stendi za chuma, magurudumu yote manne yamevuliwa, alisimama, akafuta viatu nyuma ya suruali, akaweka tai sawa. Jina la Injinia hakupewa na chuo chochote. Alijitunuku mwenyewe, tena kwa alama za juu.

Ndani ya begi lake mlikuwa na boksi, na ndani ya boksi mashine nyekundu ya kutoa hewa kwenye breki. Kwa ukweli wa Mungu ilikuwa pampu ya baiskeli iliyopakwa rangi na kubandikwa geji ambayo mshale wake uligandishwa kwa gundi. Kujaza nafasi, aliongezea mpira mwembamba na kichupa cha plastiki. Juu kabisa aliweka kadi ya garantii: *Mteja asiyeridhika arudishe wakati wowote, bila maswali.* Arudishe wapi, kadi ilinyamaza.

"Hodi hapa! Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Mama mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu, mjane, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja.

"Pedali ya breki inazama?" Injinia akauliza, kwa sauti ya daktari aliyekwisha kuona majibu ya vipimo.

"Mpaka sakafuni. Na kesho asubuhi nampeleka binti yangu chuoni, kule chini ya mteremko. Marehemu mume wangu alikuwa fundi. Yeye alikuwa analala chini na spana, mimi nakaa kwenye usukani. Kanyaga! Shikilia! Achia! Miaka thelathini tumegombana hivyo. Sasa hayupo, na mimi siwezi kuwa juu na chini kwa wakati mmoja."

"Pole sana, mama. Lakini hayo ya kanyaga-achia ni ya zamani. Hii," akaitoa mashine taratibu, kama anayemtoa mtoto kwenye bafu, "ni kazi ya mtu mmoja. Humsumbui mke, humwiti jirani, humnunulii shemeji soda."

"Mtu mmoja tu?"

"Mmoja. Wa pili akija, atakuwa anatia kivuli."

Mjane aliitazama ile mashine kwa muda, akavua miwani, akaipangusa, akaitazama tena mashine.

"Pesa sina," akasema. "Ila lipo sanduku la vifaa la marehemu, linanijazia banda."

Alilifungua juu ya meza iliyokuwa nyuma ya gari. Injinia, kabla hajagundua kwamba mdomo hulipa kuliko mikono, aliwahi kukaa gereji miaka miwili, kwa hiyo alijua anachokiona. Spana zilikuwa zimepangwa kwa saizi, zimepakwa mafuta, chuma cha enzi ambazo watu waliona aibu kutengeneza kitu kibaya. Mate yalimjaa mdomoni.

"Vyuma chakavu, mama," akasema kwa huzuni. "Lakini wewe ni kama mama yangu mzazi. Nitajitwika hivyo hivyo."

"Ahsante. Ila nionyeshe kwanza, magurudumu yote manne. Pedali ikisimama juu na ikawa ngumu, sanduku lako. Unataka spana gani? Hii ya mdomo wazi?"

"Hapana, nipe ringi. Ya mdomo wazi inakula kona za nati," Injinia akajibu, kisha akatamani kuumeza ulimi.

"Kumbe unajua!"

"Tunabahatisha tu, mama."

Akaanzia gurudumu la nyuma, lililo mbali zaidi na chupa ya mafuta ya breki. Akaunganisha mashine, akapiga pampu. Mashine ikakoroma, ikavuta hewa ya pale pale uwanjani, mshale haukujali lolote. Injinia akaisukuma chini ya koti lake, alilokuwa amelivua na kuliweka pembeni. Akachukua mpira na kichupa, akatia mafuta kidogo kichupani, akachomeka mpira kwenye nati ya breki, akachovya ncha ya pili kichupani ili breki isinyonye hewa tena, akalegeza nati. Akaingia ndani, akakanyaga taratibu mara kadhaa. Akatoka, akakaza nati, akaongeza mafuta. Mapovu yalikuwa yametoka kichupani kama ya sabuni. Hapa pana jambo la kuchekesha, ingawa Injinia hakulicheka: ule mpira na kichupa alivyokuwa akivigawa bure ndivyo vilivyofanya kazi.

"Nije nikukanyagie pedali, mwanangu?"

"Usijisumbue, mama! Mtu mmoja!"

"Haya. Basi mimi niendelee na yangu."

Kwa muda wa saa tatu alihangaika, juu, chini, juu, chini, shati jeupe likageuka la rangi isiyo na jina. Akiwa chini aliona tu ndala za mjane zikienda getini na kurudi, wakati mwingine zikifuatana na ndala nyingine. Akiwa juu, macho yalikuwa mbele na akili ilikuwa sokoni inauza spana.

Magurudumu yaliporudi, mjane aliwasha gari, akazunguka uwanja, akamjia Injinia moja kwa moja, akafunga breki shubiri moja kutoka kwenye viatu vyake.

"Zimeshika!" akapiga kelele, na machozi yakamtoka kweli. "Baba watoto angefurahi leo."

Aibu ilimpitia Injinia sikioni kama mbu. Akaifukuza kwa mkono, akapokea sanduku lililofungwa, na ufunguo wake, hata koti akalisahau.

"Usifungulie njiani, vitamwagika," mjane akamwambia. "Na Mungu akulipe."

Alilibeba begani mitaa miwili akihema, mpaka akashindwa kuvumilia. Akaketi ukingoni mwa mtaro, akafungua.

Mashine kumi na mbili nyekundu zilimtazama, mishale yote kwenye namba ile ile. Juu yake palikuwa na barua, kwa mwandiko wa ubaoni:

*Mwanangu, hizi ni za dada yangu, majirani, na shemeji yangu aliyeingia na gari kwenye banda la kuku. Kadi ilisema asiyeridhika arudishe. Tumekutafuta miezi minne ili turudishe. Yako ya leo iko chini kabisa, ulipoificha chini ya koti niliichukua. Ukisahau koti lako, utalikuta getini; spana ziko kabatini. Mipira na vichupa tumebaki navyo, umetufundisha vizuri matumizi yake. Ungekubali nikukanyagie pedali, nisingepata nafasi ya kupakia.*

Injinia aliisoma mara mbili. Mzee mmoja aliyekuwa akipita alisimama, akalitazama lile sanduku.

"Zito hilo, kijana. Nikusaidie?"

"Usijali, mzee," Injinia akasema, akiinama kulinyanyua. "Ni kazi ya mtu mmoja."