Swichi ya Kistari Katika Duka la Miwani

Jumatatu, 3 Machi
Mimi na bahati ni chanda na pete. Wenzangu wanatafuta kazi kwa tochi. Mimi kazi zinanifuata mpaka mlangoni. Leo shangazi yake mchumba wangu, mwenye duka la miwani, kanikabidhi programu ya simu ambayo wateja wake huwekea miadi ya kupimwa macho. Tatizo: maneno marefu yanavuka ukingo wa kioo na kupotelea huko. Shangazi ndiye aliyemlea mchumba wangu. Yeye akikataa, hakuna harusi. Kasema programu ikikaa sawa, wazee wangu waje Jumapili kuposa. Nikamwambia hiyo kwangu ni kazi ya kupiga chafya.

Jumanne, 4 Machi
Nimemaliza. Mle ndani kuna swichi. Ukiiwasha, programu yenyewe inalikata neno refu mwisho wa mstari, inatia kistari, kipande kilichobaki kinashuka chini. Nimeiwasha kila mahali: vichwa, aya, vitufe. Nikajaribu kwenye simu yangu. Safi kama sahani ya mgeni.
Fundi simu wa duka la pili, ninayemwita Bisibisi kwa sababu hata chai huikorogea bisibisi, akauliza kama nimejaribu kwenye simu za watu wengine. Wivu huo. Alimtaka mchumba wangu zamani, akatoka kapa. Nikamjibu kwamba mpishi hodari haazimi ulimi wa jirani.

Jumatano, 5 Machi
Dukani kimya. Shangazi na mpima macho wanatazamana na viti vitupu. Nikawafariji kwamba watu wakipewa kitu kizuri hukiangalia kwanza. Mpima macho akataka kujua nimesomea wapi. Nikasifu shati lake.

Alhamisi, 6 Machi
Viti bado vitupu. Shangazi kasema haiwezekani mtaa mzima upone macho kwa mpigo. Nikasema huenda ni dua za watu. Hakucheka.
Mchana kaingia mwalimu mstaafu, anafoka. Kila akiweka miadi anaambiwa imefutwa. Akatoa simu. Herufi zake kubwa kama matofali! Neno “Thibitisha” limekatwakatwa, vipande vimepangana kama ngazi, na kitufe chote kimesukumwa chini nje ya kioo. Kilichobaki ni “Futa”, neno fupi, halikukatika, limekaa katikati kama bwana harusi. Kila mteja kabonyeza kitufe alichokiona.
Kumbe wateja wote wa shangazi wamekuza maandishi. Hawaoni vizuri, ndiyo maana ni wateja wake. Hilo lilinipita.
Nikamshika mzee mkono, nikamvusha barabara. Njia nzima kanitukana kwa Kiswahili sanifu.

Ijumaa, 7 Machi
Shangazi hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kaniita “mwanangu” kwa sauti ya kufukuzia kuku, akasema wazee wangu Jumapili wapumzike nyumbani, tena waendelee kupumzika.
Mchumba wangu akachukua programu, akazima swichi kwenye vitufe, mahali pa “Thibitisha” akaandika “Weka”, akajaribu kwenye simu ya bibi yake. Chai yangu ilikuwa haijapoa. Nikamwambia nami nilikuwa naelekea hukohuko. Kasema naelekea kwa mgongo.
Bisibisi kaleta simu kuukuu za kujaribia. Akatoa mzaha, mchumba wangu akacheka mpaka akashika meza. Mzaha wenyewe nilikuwa mimi.

Jumapili, 9 Machi
Mama kavua kitenge chake cha posa, kakikunja, hasemi na mimi. Mchumba wangu hapokei simu. Nimepima jambo hili kwa utulivu na kuona kosa ni la macho ya watu.
Bahati haijalala, lakini. Kinyozi naye ana programu ya miadi. Nimemwashia swichi ileile, kila mahali, vitufe na vyote. Nimejaribu kwenye simu yangu. Safi.
Ningependa kuandika kwamba kinyozi ndiye aliyenitafuta. Uongo. Nimembembeleza huku kashika wembe shingoni mwangu. Hata shangazi nilimpigia magoti. Kazi hazinifuati. Hazijawahi.